Altrasaundi ya kichwa na kiharusi: maneno niliyosema Mkunguni

Haya nilizungumza pale Mkunguni, mjini Lamu (Amu), mbele ya Ngome baada ya sala ya alasiri. Wengi walikuwa baharini au kazini, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale niliporudia.

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masheikh zetu, mama zangu mliokaa huko kwenye kivuli, manahodha na vijana wa boti mliokuja na nguo za kazi, ahsanteni sana. Kazi yangu ni altrasaundi. Kina mama wengi hapa mnanijua kwa kupima mimba, ndo maana tangu nitangaze kwamba leo nitazungumzia altrasaundi ya kichwa watu wananiuliza njiani, sasa kichwani mnatafuta nini? Tunatafuta damu. Inakwenda kwa kasi gani, inaelekea wapi, imekwama wapi. Mshipa wa damu wa ubongo ukiziba au ukipasuka, hicho ndicho kiharusi.

Hapa kwetu mtu akianguka ghafla, mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, ulimi mzito, neno la kwanza mtaani ni kapigwa na pepo, au kuna mahali kapita usiku. Sikuja kubishana na imani ya mtu. Dua ni haki ya mgonjwa na mimi mwenyewe nikiumwa nataka nisomewe, ila dua inasomeka hata ndani ya boti. Msomeeni huku mnaelekea hospitali, manake mshipa mkubwa ukiwa umeziba ubongo unapoteza kama seli milioni 1.9 kila dakika moja, na hizo zikishakufa hazirudi tena. Na jamani msimpe maji, msimpe uji, msimpe dawa ya presha ya jirani wala aspirini, kwa sababu kwanza hamjui kama koo lake linameza sawasawa, kinaweza kwenda kwenye mapafu, na pili hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Kwa nje hivyo viwili vinafanana kabisa. Hata daktari hodari akimtazama tu kwa macho hawezi kuapa.

Na hapo ndipo siti skani, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa kwa mionzi, inapohitajika. Duniani kwa jumla viharusi zaidi ya 6 kati ya 10 ni vya kuziba, lakini huku kwetu Afrika vya kupasuka ni vingi kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ipo, inaitwa alteplesi, utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha inasaidia ikichomwa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 Ulaya wakaonyesha inaweza kufika saa 4 na nusu. Ukimchoma mtu ambaye mshipa wake umepasuka, umemmaliza. Kwa hiyo picha kwanza. Sasa mtu wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, akipigwa na kiharusi usiku, maji yametoka, boti haielei, mpaka maji yajae, hesabuni wenyewe saa zinavyokwenda.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuwaza, basi tuletewe hiyo altrasaundi kila zahanati mambo yaishe. Hapana. Nalisema hili mapema na nalisema kwa sauti: altrasaundi haichukui nafasi ya siti skani kwa mtu aliyepigwa na kiharusi leo. Haiwezi kututhibitishia kwamba hakuna damu iliyovuja, na viharusi vingi vya mishipa midogo haivioni kabisa. Mtu asicheleweshwe kupanda boti kwa sababu eti tunamtafutia altrasaundi kwanza. Ina kazi yake, kazi kubwa, lakini ni nyingine, na nitaifikia.

Kwanza niwaonyeshe inavyofanya. Zamani madaktari waliona fuvu la mtu mzima ni nene mno, mawimbi ya altrasaundi hayapiti. Mwaka 1982 mtafiti wa Norway, Rune Aaslid, alipokuwa Bern huko Uswisi na wenzake, wakaonyesha kwamba ukitumia wimbi la chini, megahazi 2, ukaliweka mahali mfupa ulipo mwembamba, linaingia na linarudi na habari. Mahali penyewe ni hapa, juu ya mfupa wa shavu, mbele kidogo ya sikio. Sisi tunapaita dirisha. Wimbi likikutana na chembe za damu zinazokuja upande wetu linarudi limepanda, likikutana na zinazoondoka linarudi limeshuka, mashine inapiga hesabu ya hiyo tofauti na kutuambia kasi. Kanuni yenyewe ni ya zamani sana, aliieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, na ndo maana mashine hii tunaiita Dopla.

Kijana wetu huyu wa boti amekubali nimpime mbele yenu, hana ugonjwa, ni mzima. Natia jeli. Mnaona anavyojikunja, inampa baridi. Probu ni hii, unene wake kama kidole gumba. Naiweka hapa, naielekeza ndani, naigeuza polepole sana, hii si kazi ya haraka, ukisogea kidogo tu umeupoteza mshipa... subirini... huyo. Mnasikia kwenye spika? Shuu, shuu, shuu. Huo ni mshipa mkubwa wa kati wa ubongo upande wa kulia, uko kama sentimita 5 ndani ya kichwa. Skrini inasoma 58, yani damu inakwenda sentimita 58 kwa sekunde, na mtu mzima wa kawaida ni karibu 60. Sasa, mwanangu, ziba pumzi. Usivute, usitoe. Sikilizeni sauti. Inapanda, si ndio? 64... 70... 77. Haya vuta pumzi. Kilichotokea ni kwamba hewa chafu imejaa kwenye damu yake, mishipa midogo ya ubongo ikapanuka kuomba damu zaidi, na huku kwenye mshipa mkubwa mwendo ukaongezeka. Huyu mishipa yake ina nguvu. Mtu ambaye mshipa wa shingoni umeziba siku nyingi, ukimwambia azibe pumzi mara nyingine kasi inabaki pale pale, haipandi, na hapo tunajua ubongo umeshatumia akiba yake yote.

Jambo la pili la kushika ni hili. Mshipa ukifinyika, kasi inapanda mahali pa mfinyo. Manahodha hili hamhitaji kufundishwa, mnaijua Mkanda, maji yakitoka pale penye mlango mwembamba mkondo unavyokimbia kuliko huku kwenye upana. Kwa hiyo nikiona kasi imeruka sana mahali pamoja, nashuku pamefinyika. Nikiona hakuna sauti kabisa mahali ambapo lazima iwepo, na upande wa pili ipo, nashuku pameziba.

Mashine hii inataka mkono uliofundishwa, hilo nalo niliweke wazi. Kuna watu ambao mfupa wao haufungui dirisha, angalau mmoja kati ya 10, na wanawake wenye umri mkubwa ndio zaidi, kwao unaweza kutafuta mpaka uchoke. Na mtu asiyejua anaweza kushika mshipa mwingine akaandika majibu ya huu. Nimeona watu wakifurahia mashine mpya, inafunguliwa, inapigwa picha, halafu inakaa kabatini kwa sababu hakuna aliyesomeshwa. Pesa ya kusomesha watu iwe kwenye bajeti ile ile ya mashine. Nitalirudia hili popote nitakapoitwa.

Kwa mtu mzima mwenye kiharusi, faida yake kubwa ni kwamba inakwenda kitandani. Mgonjwa hasogezwi, hakuna mionzi, unaweza kupima asubuhi ukarudia jioni na kesho tena. Siti skani ni picha ya wakati ule tu, Dopla unaweza kuiacha na mkanda wa kichwani ikasikiliza saa nzima. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, tunasikiliza kama mshipa umefunguka au bado, na mara nyingine unausikia ukifunguka, sauti iliyokuwa hafifu inarudi na nguvu. Ukiwa mtulivu unaweza kusikia hata vibonge vidogo vikipita, vinalia kama mlio mfupi wa ndege, na hiyo ni habari muhimu manake inakwambia kuna mahali, moyoni au shingoni, panaendelea kutupa uchafu kichwani, kiharusi kingine kiko njiani. Kuna pia kipimo cha povu, tunatikisa maji ya dripu na hewa kidogo mpaka yatoe povu dogo dogo, tunayachoma kwenye mshipa wa mkono, tukiyasikia kichwani tunajua pengine moyo una tundu ambalo lilitakiwa lizibe utotoni. Kwa kijana aliyepata kiharusi bila presha wala sukari hicho ni kipimo cha maana sana. Na waliovuja damu kwenye utando wa ubongo, kuanzia siku ya 4 hivi mpaka wiki ya pili mishipa yao hupenda kujikaza, Dopla ya kila siku inaona kasi ikipanda kabla mgonjwa hajalegea.

Mashine kubwa zaidi, zile zenye picha ya rangi, zinaweza hata kupima kama ubongo umesukumwa upande. Unapima kutoka kulia mpaka katikati, unapima kutoka kushoto mpaka katikati, ukikuta havilingani kuna uvimbe unasukuma.

Kuna kitu niwaonye hapa. Kulikuwa na matumaini makubwa kwamba mawimbi ya altrasaundi yenyewe yanasaidia dawa kuyeyusha bonge, utafiti wa kwanza wa 2004 ulitia moyo, lakini mkubwa uliofuata, uliotoka 2019, haukuonyesha faida. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia altrasaundi ya kutibu kiharusi, mwambie akae nayo, pesa yako ibaki mfukoni. Dopla inasikiliza. Haitibu.

Sasa nifike kwenye lililonileta hasa. Kama kisiwa hiki kitapata Dopla moja tu ya kichwa, mimi naomba kwa moyo wangu wote ianze na watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, sikoseli kama mnavyoita wengi.

Pwani yetu hii, kwa ajili ya malaria ya miaka na miaka, damu ya sikoseli imekaa kwenye familia nyingi, manake anayeirithi kwa mzazi mmoja tu inamkinga na malaria. Mama zangu mnawajua watoto hawa. Macho ya njano, maumivu ya mifupa usiku, kulazwa mara kwa mara kuongezewa damu. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba watoto hawa wanapata kiharusi. Watoto, nasema. Kabla ya kipimo hiki kuanza kutumika, Marekani walihesabu wakakuta kwa wenye aina ile kali kama 11 katika kila 100 wameshapata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Mtoto wa miaka 6 anaamka asubuhi mguu hauna nguvu, na watu wanasema kaguswa na shetani.

Na hapa ndipo Dopla inafanya kitu ambacho siti skani haiwezi, inaonya kabla. Kwa mtoto wa sikoseli mishipa mikubwa ya ubongo inaanza kufinyika taratibu, mtoto anacheza, anakwenda chuoni kusoma Kurani, hana dalili yoyote, lakini ukimpima kasi imeshapanda. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde tunamwambia mama njoo mwakani. Kuanzia 170 mpaka chini ya 200 tunamrudisha karibuni. Ikifika 200, yani mita 2 kwa sekunde, huyo yuko hatarini na hatusubiri.

Daktari Robert Adams wa Georgia huko Marekani na wenzake waliwachukua watoto 130 waliokuwa na kasi hiyo ya juu, nusu yao hivi wakaongezewa damu kila mwezi, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Kwenye kundi la matibabu ya kawaida watoto 11 walipata kiharusi. Kwenye kundi la damu, mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine damu, na majibu yakatoka 1998. Hebu fikirieni, mmoja kwa 11, kwa kipimo cha nusu saa kisichouma, kisicho na sindano, mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 mpaka 16. Mimi katika kazi yangu sijui kipimo kingine kinachomlinda mtoto namna hii.

Mtaniuliza damu ya kila mwezi itatoka wapi, na ni swali la haki. Kuongezewa damu kila mwezi miaka na miaka ni kazi, inajaza chuma mwilini, na damu yenyewe haipatikani. Kuna kidonge kinaitwa haidroksiyurea, kwa baadhi ya watoto kinaweza kuchukua nafasi ya damu baada ya mwaka au zaidi wa kuongezewa, na Nigeria kaskazini, ambako damu ni shida kama kwetu, wamekitumia kwa watoto waliogunduliwa na Dopla. Ni dawa ya kupimwa damu mara kwa mara, hainunuliwi tu dukani ukampa mtoto. Lakini inamezwa nyumbani, na kwa mtoto wa Faza au Siyu hiyo ni tofauti kubwa mno. Na vijana wa boti, nyinyi mna damu nzuri na mwili mzuri, siku wakija kuchukua damu msikimbie.

Presha nitaipitia haraka kwa sababu mnaijua, ila wengi hawaifuati. 140 kwa 90 kwenda juu, mara zaidi ya moja, hiyo ni presha, na presha haiumi. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi, achari ina chumvi, punguzeni. Aliyeanzishwa vidonge asiache kwa sababu anajisikia vizuri, anajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge. Wanaume hasa, mnakuja kliniki mkiwa mmebebwa.

Kulikuwa na maswali, nayaandika hapa yale yaliyorudiwa na wengi.

Mama mmoja kauliza kama mtoto wa kike atavuliwa mtandio. Hapana mama, unasogezwa kidogo hapa mbele ya sikio pande zote mbili, basi, nywele zilizosukwa hazina shida, na chumba kiwe na mlango unaofungwa. Mwanamke mwenzenu mimi ndiye ninayepima.

Mzee wangu kauliza kama inaharibu ubongo. Haina mionzi kabisa, ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na nguvu yake ina kiwango, ndo maana ukipimwa kupitia jicho tunaipunguza sana.

Mwingine kauliza mtoto aje na njaa? Aje ameshiba, ameamka vizuri, hana homa. Huyu akilia au akilala kasi inabadilika na majibu hayaaminiki, kwa hiyo mama njoo na kile anachokipenda, mimi nitasubiri mpaka atulie. Kama ameongezewa damu karibuni niambie mapema, tutapanga siku nyingine.

Mashine mliyoiona leo ni ya kuazima na itarudi Mombasa. Wawakilishi wetu wa kaunti mlio hapa, ombi langu mmelisikia: probu ya megahazi 2, watu wawili wasomeshwe, mmoja wao awe mtu wa visiwa vya upande wa Pate ili asihamie mjini, na dawa ya haidroksiyurea isikatike famasi. Bila hicho cha mwisho tutakuwa tunawaambia wazazi mtoto wako yuko hatarini halafu tunawaacha hivyo hivyo, na hilo sitaki kulifanya.

Kwa wenye watoto wa sikoseli, daftari liko mezani kwa muuguzi pale karibu na mlango wa Ngome. Andikeni jina la mtoto, umri, mtaa au kijiji, namba ya simu ya mtu anayepokea, na mje na kadi ya kliniki. Wa Kiunga na Kizingitini andikeni pia ni siku gani boti zenu zinakuja Amu, tupange vipimo kwa siku hizo, msije mara mbili.